Namna ya kufuatilia utumishi wa mwanadiplomasia wa Uingereza, 1900–1919

Siku ya kuteuliwa si siku ya kuanza kazi. Ukizichanganya, utamweka mtu katika mji ambao bado hajaukanyaga. Kwa hiyo, kabla hujafungua jalada lolote, chora jedwali la safu nne: cheo, kituo, siku aliyoteuliwa, na siku ya barua ya kwanza aliyoitia sahihi akiwa kituoni. Safu ya nne ndiyo ngumu kuijaza, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Safu tatu za mwanzo zitatoka kwenye Foreign Office List, kitabu kilichotolewa kila mwaka kikiorodhesha vyeo na vituo vya kila ofisa. Chukua toleo la karibu na kustaafu kwake, kisha hakiki kila uteuzi mkubwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo husomwa bure mtandaoni.

Zingatia ngazi. Kijana alianza kuwa mwambata, akapanda kuwa katibu wa tatu, wa pili, wa kwanza, kisha mshauri, waziri mjumbe, na mwisho balozi. Mwaka 1914 Uingereza ilikuwa na mabalozi kamili katika miji 9 tu: Paris, Berlin, Vienna, St Petersburg, Roma, Constantinople, Madrid, Washington na Tokyo. Kwingineko mkuu wa ofisi kwa kawaida alikuwa waziri mjumbe. Sir George Buchanan aliongoza ofisi za Sofia na The Hague, lakini ubalozi kamili aliupata St Petersburg mwaka 1910. Kumwita balozi wa Sofia ni kosa.

Makonseli, yaani maofisa walioshughulikia biashara na raia wa Uingereza ng'ambo, walikuwa idara nyingine kabisa, na hali iliendelea hivyo hadi 1943. Konseli Roger Casement, aliyefanya kazi Boma, Santos, Pará na Rio de Janeiro, mtafute katika idara hiyo. Idara ya diplomasia ilikuwa na mlango mwembamba: hadi 1919 mwombaji alitakiwa awe na kipato chake binafsi cha pauni 400 kwa mwaka. Ndiyo maana inafaa kuichunguza familia mapema.

Sasa safu ya nne. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London, inatunza mawasiliano ya kisiasa ya Wizara ya Mambo ya Nje kuanzia 1906 katika mfululizo FO 371, yakipangwa kwa mwaka na nchi. Faharasa ya kadi ya 1906–1919 itakupa namba ya waraka. Ukiufungua, tazama mambo matatu: mahali na tarehe juu ya barua, tarehe ya kupokelewa London, na sahihi. Barua za faragha zitafute katika mfululizo FO 800.

Sahihi hufichua kisichoonekana katika orodha. Kwenye orodha, balozi wa Berlin kuanzia 1908 hadi vita vya 1914 ni Sir Edward Goschen. Lakini telegramu ya Berlin ya 26 Julai 1914 imetumwa na Sir Horace Rumbold, kwa kuwa balozi alikuwa likizoni. Goschen alirejea kesho yake. Asiyetazama sahihi atampa Goschen maneno ya kaimu wake. Sahihi ikibadilika ghafla, andika “kaimu” kwenye jedwali na uendelee kusoma mpaka mwenyewe arudi.

Kwa nyaraka za Kirusi, ongeza siku 13 kwenye tarehe yoyote kuanzia Machi 1900 hadi Januari 1918, maana Urusi ilifuata kalenda ya zamani (ya Julius), iliyokuwa nyuma ya ile ya Uingereza.

Majina nayo hupotosha. Sir Arthur Nicolson anageuka Lord Carnock mwaka 1916, basi tafuta kwa majina yote mawili. Hatari zaidi ni ndugu wa ukoo mmoja. Arthur Hardinge, yuleyule wa Zanzibar na Afrika Mashariki, alikwenda Tehran kuwa waziri mjumbe mwaka 1900. Charles Hardinge, binamu yake, alikuwa ameshatumikia Tehran miaka michache kabla, akiwa katibu. Ukikuta “Hardinge, Tehran” bila jina la kwanza, usijaze jedwali hadi uone mwaka.