Jioni ya mazoezi katika kwaya ya barbershop: namna ya kuipanga na kuiendesha

Aliyekulia kwenye kwaya ya sauti nne huku Afrika Mashariki, akiingia ukumbi wa mazoezi wa kwaya ya barbershop (mtindo wa kuimba sauti nne bila ala) kule Marekani, atakuta mengi anayoyajua na machache yatakayomkwaza usiku wa kwanza. Hakuna kinanda wala ngoma. Ni sauti tupu. Sauti ni nne, ila wimbo haukai juu kama tulivyozoea kuuweka kwa soprano. Unabebwa na lidi, sauti ya pili kutoka juu. Sauti iitwayo tena (kwa Kiingereza tenor) huimba juu ya lidi, kwa wepesi. Besi anashika msingi. Baritoni anaokota noti iliyobaki ili kodi, yaani noti zinazolia kwa pamoja, ikamilike, mara juu ya lidi, mara chini yake, na ndiyo maana mstari wake ukiuimba peke yake unachosha. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujiunga na kwaya ya aina hiyo, au kuanzisha yake.

Kosa la kwanza la mgeni anayeimba tena ni kuimba kwa nguvu kwa sababu noti yake ndiyo ya juu. Akifanya hivyo wimbo wa lidi unazama na msikilizaji hajui afuate nini. Kwa hiyo idadi za waimbaji haziwi sawa: katika kwaya ya watu 30, mgawanyo unaofanya kazi ni besi 11, lidi 10, baritoni 6 na tena 3. Waimbaji wa tena wakizidi watano kwenye kundi hilo, hamishia mmoja au wawili kwenye lidi.

Nota huandikwa kwenye safu mbili: tena na lidi safu ya juu, baritoni na besi safu ya chini. Safu ya juu ina ufunguo wa G wenye tarakimu 8 chini yake, yaani sauti hutoka oktavu moja chini ya ilivyoandikwa. Lidi anasoma noti zenye vijiti vinavyoelekea chini. Mwonyeshe mgeni jambo hilo kabla hajafungua kinywa.

Noti hujifunzwa nyumbani

Kwaya inayofundishana noti kwa saa mbili kila wiki haifiki popote. Saa za ukumbini ni za kusikilizana, kitu ambacho mtu hawezi kukifanya peke yake chumbani. Basi kila mwimbaji hupewa rekodi ya wimbo mpya wiki tatu kabla ya kuuimba kwa pamoja. Rekodi hizo hutengenezwa ili sauti yako isikike sikio moja na zile tatu nyingine sikio la pili. Siku za kwanza sikiliza tu huku ukifuata nota kwa kidole. Kisha imba kwa kutetemesha midomo, bila maneno, ukifuata sauti yako. Ukishaishika, weka maneno. Hatua ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka: toa kisikizio chenye sauti yako, bakiza zile tatu, uimbe ya kwako dhidi yao. Hapo ndipo utajua kama umejifunza wimbo au ulikuwa unaifuata rekodi. Dakika 20 kwa siku zinatosha.

Kabla ya wimbo kuingia kwenye mazoezi ya pamoja, kila mtu ajirekodi kwa simu na kumtumia kiongozi wa sauti yake. Kiongozi ajibu kwa kutaja mahali hasa: neno gani, noti gani. Asiyetuma asifukuzwe, ila asimame pembeni na kusikiliza wimbo huo mpaka atume. Ni kanuni ngumu kidogo, lakini bila hiyo wanaojifunza hukata tamaa kwa ajili ya wasiojifunza.

Ratiba ya saa mbili na nusu

Mazoezi mengi huwa usiku mmoja maalumu wa wiki, siku za kazi, ili Jumamosi na Jumapili zibaki kwa familia. Tuseme yanaanza saa 1 jioni. Wanaopanga viti na majukwaa ya ngazi wafike saa 12:30, pamoja na wa kuwapokea wageni mlangoni. Saa 1 kamili mwalimu anaanza hata kama waliofika ni kumi. Akisubiri wiki moja, wiki ijayo watachelewa zaidi. Robo saa ya kwanza ni ya kupasha mwili na sauti. Kisha nusu saa kwa vikundi, kila sauti chumba chake na kiongozi wake, kusafisha sehemu mbili au tatu zilizotajwa mapema. Dakika 35 za kuunganisha wimbo mpya. Dakika 15 za mapumziko na matangazo. Dakika 40 za nyimbo zinazofahamika, zikiimbwa mwanzo hadi mwisho kama mbele ya watu, bila kukatizwa. Robo saa ya mwisho ni ya makundi ya watu wanne wanaotaka kusikilizwa na wenzao, halafu wimbo wa kuagana, wote wakiwa wamesimama kwa duara.

Wimbo mgumu usiwekwe mwisho. Baada ya saa 3 usiku masikio yamechoka kabla ya koo, na utakachofundisha muda huo utakifundisha tena wiki ijayo.

Kupasha sauti kwa kodi ya do, mi, so, ta

Anza na mabega na shingo, kisha pumzi: vuta kwa hesabu nne, toa kwa “sss” hesabu 12, halafu 16, halafu 20. Fuatisha na kutetemesha midomo kutoka do hadi so na kurudi, ukipanda nusu toni kila mzunguko. Usipande mbali, mtu ametoka kazini na hajaongea kwa sauti kubwa tangu mchana.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Toa noti kwa kile kipulizio cha duara chenye noti 13, na wote waimbe noti hiyo moja kwa irabu “u”, polepole, kila mtu akijitahidi kumsikia jirani kuliko kujisikia mwenyewe. Wakishakuwa sauti moja, wagawe. Besi wabaki kwenye do. Lidi wapande ngazi moja moja hadi so. Baritoni wasimame kwenye mi. Tena waende do ya juu, washuke hadi ti, kisha waendelee kushuka hadi ta (ti iliyoshushwa), ila kwa kuteleza, taratibu mno.

Hapo ndipo pa kusikiliza kwa makini. Ta inayotakiwa iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Kama do ina mitetemo 220 kwa sekunde, mi hukaa 275, so 330 na ta 385, yaani uwiano wa 4:5:6:7. Kinanda kitakupa mi ya 277 na ta ya 392, na ndiyo sababu hakiruhusiwi kwenye mazoezi haya hata kama kipo ukumbini: kinafundisha masikio noti nyingine. Waimbaji wa tena wakiteleza wakafika pale pake, kodi nzima hutulia ghafla, ile hali ya sauti kugombana hukoma, na juu kabisa husikika noti ambayo hakuna aliyeiimba. Wageni hugeuza vichwa kutafuta inatoka wapi. Inatoka kwenye mitetemo ya sauti nne kukubaliana. Shikilia kodi hiyo kwa hesabu nane, pumzika, irudie kwa irabu “o”, kisha “a”. Mwimbaji akishaisikia mara moja, ataitafuta kwenye kila wimbo, na mwalimu amepata msaidizi.

Wimbo unaposhuka

Kwaya isiyo na ala hushuka. Mnaanza kwa B-flati, mnamaliza karibu na A, na hakuna aliyetambua. Pimeni: rekodi wimbo, puliza noti mwishoni mwa kila beti, andika ni beti gani mlikuwa bado mko sawa. Msiwakimbilie besi kuwalaumu kwa kuwa wao ndio wa chini. Mara nyingi chanzo ni hatua za lidi: akipanda, hatua yake ni fupi kidogo, akishuka, ni ndefu kidogo, baada ya mistari minne tofauti imekuwa robo toni. Chanzo kingine ni noti moja inayorudiwa mara tano sita kwenye neno refu, kila mrudio ukilala kidogo. Na kingine ni pumzi kuisha kabla ya mwisho wa sentensi.

Namna ya kumkamata mkosaji ni kuimba wawili wawili. Lidi na besi kwanza, mstari ule ule. Wakibaki juu, ongeza baritoni. Wimbo ukishuka sasa, mmepata pa kufanyia kazi, na pengine ni mi moja tu ya baritoni iliyozama. Waimbaji wa tena waingie mwisho. Kama wote wanne wako sawa na bado wimbo unashuka, jaribuni kupandisha ufunguo kwa nusu toni. Kuna nyimbo zinazokaa mahali pabaya kooni, zikahamishwa kidogo zinatulia. Joto la ukumbi pia huchangia, na kuketi muda mrefu. Ndiyo maana nyimbo zinazofahamika huimbwa kwa kusimama.

Irabu

Hapa aliyekulia na Kiswahili ana faida. Irabu zetu tano ni safi, hazigeuki katikati, na sauti za barbershop hukubaliana pale tu watu 30 wanapokuwa na irabu moja. Kiingereza kina maneno kama “night” na “time” yenye irabu mbili zilizoshikana. Kanuni ni kukaa kwenye “a” kwa muda wote wa noti na kufunga kwa “i” mwishoni, wote kwa mpigo mmoja wa mkono wa mwalimu. Mmoja akiwahi kufunga, kodi inavunjika hata kama noti zote ni sahihi. Zoezi zuri ni kuimba mstari mzima kwa irabu zake tu, konsonanti zimeondolewa, kisha kuzirudisha bila kubadilisha umbo la kinywa.

Kusimama

Kwenye majukwaa ya ngazi kila mtu apate upana wa bega moja na nusu. Lidi katikati, waimbaji wa tena kati yao, besi nyuma na pembeni, baritoni wakitawanywa karibu na lidi wanaowafuata. Magoti yasikazwe: mtu akiyakaza dakika kumi chini ya taa anaweza kuzimia, na safu ya juu ni mbali na sakafu. Weka kizuizi cha nyuma, maji pembeni, na mwambie kila mtu kwamba akijisikia vibaya aketi pale pale alipo bila kuomba ruhusa.

Mapumziko, wageni na undugu

Robo saa ya mapumziko si ya kupumzika tu. Hapo ndipo wageni hutambulishwa, wenye siku za kuzaliwa huimbiwa, na tegi hufundishwa. Tegi ni mkia wa wimbo, kodi chache za mwisho, hufundishwa kwa sikio bila karatasi, na watu wanne wasiofahamiana huweza kuuimba baada ya dakika tano. Adabu yake ni hii: sauti moja, mtu mmoja. Wanne wakishaanza, usiingilie kwa kunong’ona noti ya mtu. Subiri wamalize, kisha omba nafasi. Mzoefu amtangulize mgeni ashike lidi, na yeye achukue baritoni ngumu.

Mgeni aje walau wiki tatu kabla ya kupimwa. Wiki ya kwanza apewe beji ya jina, nota za kuazima na mwenzi mmoja wa sauti yake, asimame naye bega kwa bega. Kipimo chenyewe ni kuimba wimbo mmoja akiwa peke yake kwenye sauti yake, pamoja na mmoja mmoja wa sauti nyingine tatu. Akikosa, aambiwe alichokosa na arudi baada ya wiki nne.

Ukarimu huu unahitaji kupangwa, kwa kuwa historia ya barbershop haikuwa na ukarimu kwa wote. Mizizi yake iko kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakiimba sauti nne kwenye maduka ya vinyozi na mitaani mwishoni mwa karne ya 19. O. C. Cash na Rupert Hall walipowaita wanaume waimbe pamoja huko Tulsa, Oklahoma, tarehe 11 Aprili 1938, chama kilichotokana na mkutano huo, leo Barbershop Harmony Society, kiliwafungia weusi mlango hadi 1963. Wanawake walianzisha chama chao, Sweet Adelines, mjini humo humo mwaka 1945, na Barbershop Harmony Society ikawapa uanachama kamili mwaka 2018. Anayesimama mlangoni kupokea wageni ana kazi kubwa kama ya kiongozi wa sauti.

Pesa: ada ya mwezi hulipia ukumbi, mwalimu na nota. Nunua nakala halali kwa kila mwimbaji. Kutoa fotokopi ni kuiba kazi ya mpangaji wa muziki. Mfuko hujazwa pia na makundi ya watu wanne wanaotumwa tarehe 14 Februari kuwaimbia wapendanao nyumbani na maofisini kwa malipo. Kwenye nyumba za wazee imbeni bure. Anayekosa mazoezi mara mbili bila taarifa apigiwe simu na kiongozi wa sauti yake, kumjulia hali kwanza. Habari za nyimbo zije baadaye.

Baada ya kufunga ukumbi, wengi huenda mgahawani kula na kuimba tegi mpaka usiku. Mwalimu asikae sana huko, kwani asubuhi ana ujumbe wa kuandika: mistari mitatu ya kusafisha nyumbani, kila mmoja ukitajiwa ukurasa, sauti inayohusika na neno lenye tatizo. “Jifunzeni vizuri” haimsaidii mtu; “besi, ukurasa wa 3, neno la pili la mstari wa juu, mnashuka mno” itafanyiwa kazi kabla ya wiki kuisha.