Kamba ya kuzimia injini ya boti: namna ya kuivaa na kuipima kabla hujatoka

Ile kamba nyekundu iliyojikunjakunja kama waya wa simu ya mezani, ile inayoning'inia pembeni ya usukani wa boti, kazi yake ni moja tu: wewe unayeendesha ukitupwa majini inatoka na wewe, klipu yake inachomoka kwenye swichi ya injini, na injini inazima hapo hapo. Sasa kwenye boti nyingi utakuta klipu iko kwenye swichi vizuri kabisa alafu mwisho wa pili umefungwa kwenye kiti, au umezungushwa kwenye usukani, au umelala tu juu ya dashibodi. Injini inawaka, safari inaenda, na hakuna anayelindwa. Hicho ndo kinachoniuma, manake kifaa kipo, kimeshanunuliwa, kimebakiza tu kushikizwa kwenye mguu wa mtu.

Wengi wanadhani dereva akianguka boti itaenda zake mbele huko mpaka iishiwe mafuta. Haiendi zake. Propela ikizunguka inaisukuma mashine igeukie upande mmoja muda wote, we huhisi sana kwasababu mkono wako umeishikilia, ila mkono ukitoka tu mashine inajigeuza yenyewe, boti inaanza kukata duara, na duara linarudi pale pale ulipoangukia, na likishapita linarudi tena. Propela ya mapanga 3 ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, piga hesabu, ni mapanga 160 yanapita sehemu moja kila sekunde. Mtu aliye ndani ya maji hana mbio za kukwepa kitu hicho.

Mei 2013 kule Padstow, Uingereza, familia ya watu 6 ilitupwa nje ya boti yao ya kasi ilipokata kona kali, wote kwa mpigo mmoja, boti ikabaki inazunguka peke yake na kuwapitia pale pale majini. Baba na binti yake wa miaka 8 walikufa, wengine wakaumia vibaya, na ilibidi mtu kutoka boti nyingine airukie ile boti ikiwa bado inazunguka ndo ikazimwa. Wachunguzi wa ajali za baharini walikuta kamba ilikuwepo, ila haikuwa imefungwa kwa aliyekuwa anaendesha.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kabla hujawasha, ishike kamba mkononi uivute taratibu kutoka klipu moja mpaka nyingine. Plastiki iliyokaushwa na jua utaijua tu, rangi imepauka, ina nyufa ndogo ndogo kwenye mikunjo, ukiiachia hairudi kujikunja kama zamani. Hiyo nunua nyingine, usiifunge fundo. Alafu angalia klipu inayokaa chini ya kitufe cha swichi, kama ncha zake zimelika inaweza kuchomoka kwa mtikisiko wa wimbi tu, na kama chumvi imeganda pale inang'ang'ania wakati unataka itoke. Ukitoka baharini isuuze kwa maji matamu pamoja na swichi yenyewe, alafu usiiache pale kwenye swichi inapigwa na jua wiki nzima, ing'oe ukaiweke pamoja na ufunguo. Faida nyingine ya kuiweka na ufunguo ni kwamba huwezi kuwasha bila kuishika mkononi, na ukishaishika mkononi kuivaa ni sekunde mbili.

Kuivaa. Mimi nasema paja, juu kidogo ya goti. Unazungusha kamba mguuni alafu klipu inashika kwenye kamba yenyewe, unaivuta kidogo kuona kama imekaza. Wapo wanaofunga kwenye kifundo cha mkono na sheria nyingi hazikatai, ila mkono unazungusha usukani, kamba inajisokota kwenye usukani au inanasa kwenye mkono wa mafuta, ule wa kuongeza kasi, ukikata kona unajizimia injini mwenyewe, ikitokea hivyo mara tatu unachoka unaivua na hapo umerudi kule kule. Kwenye laifu jaketi pia ni sawa, tena ni vizuri, mradi unaifunga kwenye pete au mkanda mgumu wa jaketi na jaketi lenyewe limefungwa mwilini. Usiishikize kwenye zipu, wala mfuko wa kaptula, wala kitufe cha shati, vitu hivyo vinachanika au kuachia kabla kamba haijavutika, unaenda majini na kipande cha nguo na injini inaendelea kuwaka.

Urefu nao una maana. Ukikaa au kusimama sehemu yako ya kuendesha kamba iwe imelegea kidogo, lakini ukitoka kwenye nafasi yako iwe imeshavutika kabla hujafika ukingoni mwa boti. Usiirefushe kwa kuunga kamba nyingine eti upate uhuru wa kutembea, huo uhuru ndo unaondoa maana yake yote. Ukitaka kwenda mbele kushika nanga, zima injini kwanza.

Kupima ndo sehemu ambayo watu wanairuka na ndo ya muhimu kuliko zote. Washa injini, gia ikiwa fri, boti bado imefungwa gatini, alafu vuta kamba kwa kutumia mguu wako, yani sogea nyuma kama mtu anayeanguka. Injini ifie pale pale. Sababu ni kwamba kwenye mashine nyingi za kufunga nyuma ya boti, swichi hii inazima kwa kuunganisha waya na bodi ya injini ili moto wa plagi upotee. Sasa waya ukikatika kwa ndani au ukiliwa na kutu, injini itawaka vizuri tu, haitakupa dalili yoyote, na siku ukivuta kamba haitazima. Huwezi kuliona hilo kwa macho. Kwahiyo zoea hivi, kila ukifika mwisho wa safari zima injini kwa kuvuta kamba badala ya ufunguo, hapo unakuwa umeipima kila siku bila kutenga muda wa kupima. Isipozima hata mara moja, boti haiendi popote mpaka fundi aishike.

Kubadilishana usukani ndo mahali watu wanapoteleza, hata wale ambao kwa kawaida wanavaa. Ile ajali ya Padstow baba alikuwa ametoka tu kuchukua uendeshaji kutoka kwa mkewe. Utaratibu ni huu: boti inasimama, injini inazimwa, kamba inatoka mguuni kwa wa kwanza na kufungwa mguuni kwa wa pili, ndo injini inawashwa. Usikubali mtu anyooshe mkono juu ya bega lako ashike usukani "kidogo tu" na kamba iko kwako, wala mtoto umpakate aendeshe huku kamba haina mwenyewe.

Na wenzako kwenye boti uwaambie mapema kwamba injini ikizimwa kwa kamba kwenye kasi, boti inakaa chini ghafla, watu wanakwenda mbele, na wimbi la nyuma linaweza kupanda juu ya boti. Wakae kwenye viti washike kitu. Hii siyo sababu ya kutovaa, nimesikia watu wakiitumia hivyo, ila kulowana siyo sawa na kukatwa na propela. Pia watu wakiwa wanaogelea karibu au wanapanda kwa ngazi ya nyuma, chomoa kamba kabisa uishike mkononi, siyo gia fri, injini izimwe, manake mtu akigonga mkono wa gia kwa bahati mbaya propela inaanza kuzunguka na miguu ya watu iko pale.

Kama kamba inakukera kweli siku hizi kuna za bila waya, unavaa kirimoti kidogo mkononi au shingoni, ukizama tu mawimbi yake ya redio hayapiti majini, kifaa cha kwenye boti kinakosa mawasiliano na kinazima injini. Nyingine abiria pia wanavaa na mtu yeyote akianguka inapiga kelele. Nzuri, ila ni betri, kwahiyo angalia betri kila safari na ipime vile vile.

Kwa mnaoendesha Marekani, hii siyo hiari tena. Tangu Aprili 1, 2021 sheria ya shirikisho inamtaka anayeendesha boti ya chini ya futi 26, yenye injini ya msukumo wa pauni 115 au zaidi, hiyo ni kama hospawa 3 kwenda juu, atumie kamba au kirimoti kama boti ina swichi hiyo, wakati boti ikiwa kwenye kasi, ile ya pua kunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Ukiwa unakwenda polepole unafunga gatini, unavua samaki, au unapandisha boti kwenye trela, hulazimishwi, na pia kama usukani uko ndani ya kibanda kilichofungwa. Boti ya zamani ambayo haikuwahi kuwekewa swichi hailazimishwi kuwekewa. Faini ni hadi dola 100 kosa la kwanza, 250 la pili, 500 la tatu. Majimbo mengine yana sheria zake juu ya hizo, usome ya jimbo lako kabla hujashusha boti.

Mwisho, kamba ya akiba, na hapa naomba uwe makini. Ukianguka umevaa kamba, klipu imeondoka na wewe, na mashine nyingi haziwaki bila klipu. Waliobaki kwenye boti wanakuona unaelea, mkondo unawatenganisha, na hawawezi kuwasha. Kwahiyo weka ya pili ndani ya boti, sehemu moja isiyobadilika, siyo kwenye begi lako, na iwe ya aina ya mashine yako kwasababu klipu hazifanani. Kabla ya kutoka mwonyeshe abiria mmoja ilipo, mpe aibandike mwenyewe kwenye swichi, awashe, azime. Mwambie atakaporudi kukuchukua aivae kwanza, aje polepole, na ukiwa karibu kufikiwa azime injini boti ikufuate kwa mwendo wake wa kuelea mpaka ushike ukingo.