Waya mweusi wa mwisho usiufunge kwenye betri iliyokufa

Wengi tunajua kubusti gari, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri ya gari lingine, ila kosa moja naliona kila mara na linanitia hofu: waya mweusi wa mwisho kufungwa kwenye hasi ya betri iliyoisha chaji. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na kibanio cha mwisho ndicho hutoa cheche. Cheche ikikutana na gesi hiyo, betri inaweza kupasuka na kukumwagia asidi usoni.

Kwa hiyo anza na mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na ncha iliyobaki ibane chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Tafuta boliti isiyo na rangi wala kutu; ukibana penye rangi umeme haupiti vizuri, utadhani betri imekataa.

Kabla ya hapo hakikisha betri zote ni za volti 12, magari hayagusani na yote yamezimwa. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja usiibusti kabisa, tafadhali.

Washa gari zima, subiri dakika kama 5, ndipo ujaribu lililokufa. Usishikilie starta zaidi ya sekunde 10. Likiwaka, fungua waya kwa kurudi nyuma, ukianza na ule mweusi wa kwenye injini, na vibanio visigusane.