Bodoni kwenye kadi ya harusi

Unapeleka kadi ya harusi au ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya utambulisho) kuchapwa Nasser Road, Kampala? Fonti (mitindo ya herufi) za Bodoni na Didot hupendeza sana kwenye majina ya maharusi: nguzo nene, kisha mstari mwembamba kama unywele. Unywele huo ndio wenye kesi. Kwenye maandishi madogo hukatika, "e" ikasomeka "c". Herufi nyeupe juu ya maruni ni balaa zaidi, kwani wino hutambaa na kuuziba. Majina yape ukubwa wa pointi 30 kwenda juu. Ukumbi na namba za simu ziandike kwa fonti nyingine ya unene sawasawa, pointi 9 au 10. Kabla ya kuchapa zote, toa moja kwa karatasi ileile ya kadi, si ya fotokopi.