Matoi ya herufi: kabla hujatoa hela, hesabu A ziko ngapi

Ukienda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ukamwambia muuzaji unataka toi la kumfundisha mtoto kusoma, atakuletea fasta pakiti ya herufi za plastiki, kalaptop ka betri kanakoimba ABC, na lile zulia la sponji la kupachika. Mtoto atalilia kalaptop, hilo halina ubishi, ila mzazi mwenzangu usilipe kwanza, shika ile pakiti ya herufi uangalie A ziko ngapi.

Mara nyingi utakuta moja. Herufi 26, kila moja mara moja, basi. Haya, jaribu kuandika "mama" sasa. Huwezi. "Baba" huwezi, "dada" huwezi, "kaka" ndo kabisa, yani maneno ambayo mtoto wa miaka minne anayajua kuliko yote ndo hayaandikiki, kwa sababu pakiti imetengenezwa kwa ajili ya kupanga a mpaka z na siyo kuandika Kiswahili. Lugha yetu inakula irabu balaa, karibu kila silabi inaishia na a, e, i, o au u, hata "embe" tu inataka e mbili. Kwa hiyo chukua pakiti mbili au tatu za aina moja, au moja tu halafu irabu za ziada ukate mwenyewe kwenye boksi gumu uandike kwa maka peni. Q na X weka pembeni (labda kama mwanao anaitwa Queen au Xavier, maana jina lake mwenyewe ndo neno atakalotaka kulisoma mapema), na C peke yake haina kazi, ibandike na H kwa selotepu ziwe kipande kimoja.

Halafu angalia kama ni herufi kubwa tupu. Nyingi ziko hivyo, wakati vitabu atakavyosoma vimejaa ndogo, so ukiambiwa chagua, chagua ndogo. Ila ndogo za plastiki zilizokatwa zina shida yake: b ukiigeuza mgongo inakuwa d, ukiipindua juu chini inakuwa q, na n ikipinduliwa ni u, na mtoto anaokota tu sakafuni hajui ipi mbele ipi nyuma. Chora mstari kwa maka peni chini ya kila herufi, upande wa mbele, umwambie mstari unakaa chini. Zilizoandikwa kwenye kadi au vitofali vya mbao angalau hazigeuki mgongo.

Sasa kalaptop. Muuzaji akitie betri hapo hapo, ubonyeze mwenyewe. Ukibonyeza A kanasema "ei", E kanasema "ii", I kanasema "ai". Unaona tatizo? Mtoto anayejua e inaitwa "ii" ukimpa neno "meza" atasoma "miza", na hana kosa, ndivyo alivyofundishwa. Sipingi Kiingereza, kama anaenda English medium atakihitaji, lakini hata huko jina la herufi siyo sauti yake, "bii-ei-tii" ukiiunganisha hupati "bat". Kwa hiyo kinachosema sauti ni bora kuliko kinachosema majina, na kinachosema sauti za Kiswahili ukikipata kamata.

Na hata kakiwa kazuri kasiwe mwalimu. Anna Sosa wa Northern Arizona University alitoa utafiti 2016, watoto wa miezi 10 mpaka 16 wakicheza na wazazi wao nyumbani, na wazazi waliongea maneno machache zaidi pale toi lilipokuwa la betri kuliko walipokuwa na vitabu au matoi ya kawaida. Toi likiongea mzazi ananyamaza.

Mimi ningeulizwa toi gani zuri kuliko yote ningesema vikombe vya kutupa, vile vya karatasi vya chai. Chukua viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, uvilaze mdomo uangalie kulia. Kwenye ukingo wa kikombe cha nje andika b, kwenye ukingo wa kile cha ndani andika a, e, i, o, u kuzunguka. Mtoto anashika b anazungusha cha ndani: ba, be, bi, bo, bu. Ndo silabi zile zile atakazokutana nazo darasa la kwanza, maana hata mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili ulikazia KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu. Akizoea badilisha cha nje, m, k, t, l. Baadae chomeka vikombe vinne uone atakavyotafuta "baba" mwenyewe.

Kwa wa miaka mitatu ambaye herufi bado hazimhusu, anza na masikio. Tia kwenye mfuko kijiko, kikombe, kiatu, kalamu, halafu na sabuni moja, atoe kimoja kimoja, nani kaingia kimakosa? Ki- yetu inasaidia hapo, nyumba nzima imejaa k. Kwa m tumia maji, meza, maziwa, acha mkate na mtoto kwanza, m ya huko inasimama yenyewe. Na zile chati za ukutani zisome kabla hujanunua: nyingine ni "A Apple" tupu, na nyingine zinaweka ng'ombe kwenye N, wakati ng' na n ni sauti mbili tofauti. Nanasi lingetosha.

Kama una fundi seremala jirani omba mabaki ya mbao ubandike herufi za msasa, mtoto azipitishe kidole kama anaandika huku anatamka. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma 1907, alikuwa na herufi za msasa hivyo hivyo. Huna msasa, mchanga kwenye sinia unatosha.

Usalama usiupuuze kwa sababu ya bei. Kinachopita kwenye kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, usimpe wa chini ya miaka mitatu, na vifuniko vya maji vimo humo humo. Sponji inang'atwa ikamegeka. Herufi za sumaku za friji vuta kila sumaku kwa kucha, ikicheza usinunue, maana akimeza mbili zinaweza kunasana tumboni na kutoboa utumbo. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu, hasa zile betri bapa za duara, na ukihisi tu kwamba kameza moja usimtapishe wala usisubiri uone kama atalia, kimbia hospitali, ndani ya masaa mawili inaweza kuwa imeshaunguza koo la chakula.