Namna ya kupima riwaya au tawasifu kabla ya kuilipia

Watu wengi wa Mwanza waliagana na riwaya darasani, kitabu kikiwa kimejaa mistari ya penseli na maswali ya dhamira na wahusika. Wanapotaka kurudi kusoma wakiwa watu wazima huchagua kama wanafunzi bado: wanachukua jina wanaloambiwa ni kubwa, wanafika ukurasa wa 40, kitabu kinahamia juu ya kabati. Msomaji si mvivu na mwandishi si mbovu, ila kitabu hakikupimwa. Kupima ni kazi ya dakika kumi, umesimama pale pale dukani.

Anza na muda ulionao, mada baadaye. Ukurasa wa riwaya huwa na maneno 250 hadi 300 hivi, na msomaji asiye na haraka huumaliza kwa dakika moja na nusu au mbili. Meli ya Mwanza kwenda Nansio, saa tatu na ushee majini, itakupa kurasa 80 hadi 100 ukiondoa soga za jirani. Daladala ya Buhongwa asubuhi haikupi zaidi ya kumi, na ukisimama haikupi hata moja. Kwa hiyo fungua yaliyomo, gawa idadi ya kurasa kwa idadi ya sura. Sura za kurasa nane hadi kumi na mbili zinamfaa anayesoma kwa vipande vya robo saa. Kitabu chenye sura za kurasa 40 kiwekee safari ya usiku ya Bukoba au likizo, maana ukikikatakata utasahau nani ni nani.

Maneno ya nyuma ya jalada yapite haraka. Yameandikwa ili kuuza. Hata ukurasa wa kwanza usiuamini sana, kwa sababu ndio uliopigwa msasa kuliko yote. Fungua theluthi ya kwanza ya kitabu, kisha theluthi ya pili, na kila mahali soma kurasa mbili kamili, moja ikiwa na mazungumzo. Funika kwa kidole pale palipoandikwa "alisema" na jina la msemaji: je, bado unajua nani anaongea? Kama mama mkwe, polisi na mtoto wa darasa la tano wote wanaongea kwa sauti moja, mbele hakutabadilika. Angalia pia kama mwandishi anakueleza maana ya tukio ulilokwisha kuliona kwa macho yako. Mara moja si neno. Mara tatu katika kurasa nne, hayo ni mahubiri.

Na mahubiri ndiyo ugonjwa wa riwaya zetu nyingi, hasa zinazoandikwa kwa matumaini ya kuingizwa kwenye mtaala. Dalili zake zinaonekana haraka: kila sura inafungwa na funzo, mwovu anaadhibiwa kwa wakati, na mwisho wa kitabu kuna maswali ya marudio. Ukiyakuta maswali hayo, tazama pia ukurasa wa hakimiliki kama ni toleo la shule lililofupishwa. Majina ya wahusika yanayobeba tabia zao yasikukimbize lakini, huo ni utamaduni wa zamani wa usimulizi wetu na ukiwa mikononi mwa fundi unachekesha.

Usinunue mwandishi, nunua kitabu. Mfano mzuri tunao hapa ziwani. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971: hadithi ya binti wa Ukerewe, lugha nyepesi, mambo yanakwenda mbio. Mtu akiipenda hukimbilia Nagona ya mwaka 1990 kwa kuwa ni nyembamba na jina ni lile lile. Anakutana na kitabu cha falsafa na ndoto, kisicho na kisa cha kufuata kwa mstari ulionyooka, anajiona mjinga bure. Wembamba wa kitabu hauna uhusiano na wepesi wake. Nagona ni kazi kubwa, ila iendee ukiwa na hamu ya mafumbo, na isomwe taratibu, sura moja kwa siku.

Riwaya za Visiwani zina suala lake. Msomaji wa Kanda ya Ziwa akifungua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999) atakuta maneno ambayo mtaani kwake Igoma hayatumiki. Jipe kurasa 30 bila kukamata kamusi, maneno mengi yatajieleza yenyewe kadiri yanavyorudi. Kama baada ya hapo bado unakwama zaidi ya mara tano kwa ukurasa, kitabu hicho kitakuwa kazi, kiahirishe. Kipimo hicho kitumie kwa vitabu vya Kiingereza pia.

Kwa tafsiri, tafuta jina la mfasiri. Mchapishaji makini huliweka wazi pamoja na jina la asili na mwaka wake. Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, inamtaja Ida Hadjivayanis, na ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Pasipo jina la mfasiri, soma mazungumzo kwa sauti ya chini. Tafsiri ya hovyo hujulikana hapo kwanza: watu wanaongea kama tangazo la serikali.

Tuzo zinasaidia kupata majina mapya, hasa Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ila mara nyingi kinachoshinda ni mswada. Ukisikia mshindi leo kisha ukauzunguka mji mzima bila kukiona kitabu, huenda bado hakijachapwa.

Tawasifu zinataka kipimo kingine, kwa sababu hapa anayejisimulia ana sababu ya kujipamba. Kwanza hakikisha ameandika mwenyewe au ametajwa aliyemsaidia. Jina hilo hujificha kwenye shukrani. Kisha tazama picha. Zikiwa ni za kupeana mikono na wakubwa tu, maandishi nayo yatakuwa hivyo hivyo. Sura ya utoto huwa nzuri karibu kila mara, kwa hiyo usiitumie kupima. Nenda moja kwa moja kwenye tukio ambalo umma unalijua na ambalo lilimuumiza mwandishi. Katika Mzee Rukhsa ya Ali Hassan Mwinyi (2021), kwa mfano, msomaji wa huku atafute habari za 1977, alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kufuatia vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Pima jambo zito kama hilo limepewa kurasa ngapi, na mwandishi anasema alijua nini na alihisi nini. Akirukaruka hapo, unanunua wasifu wa kazi uliorefushwa. Akitulia na kusimulia, chukua. Asiyependa siasa aanze na Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi (2013), ya safari za ujana wake, inayosomeka kama riwaya.

Vitabu vya mitumba vya kando ya barabara ni rahisi, lakini vikague. Vitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo fungu likichomoka unakosa kipande kizima katikati ya kisa. Pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa, hasa katikati na mwisho kabisa. Pinda mgongo kidogo: gundi ikilia, kurasa zitaanza kuanguka kabla hujafika nusu. Nusa pia. Unyevunyevu wa ziwa huzaa ukungu, na kitabu kinachonuka vumbi bichi kitaambukiza vingine kwenye rafu. Herufi zilizofifia upande wa mgongo na jalada lenye picha hafifu ni kopi ya wizi. Mwandishi hapati kitu, nawe mara nyingi unakuta ukurasa uliorudiwa na mwingine uliorukwa.

Usipoamua, kaa na kitabu saa moja Maktaba ya Mkoa kabla ya kutoa hela. Na kama kinapatikana Dar es Salaam tu, mwambie muuzaji akutumie kwa simu picha tatu: ukurasa wa hakimiliki, yaliyomo, na ukurasa wowote utakaomtajia wewe mwenyewe, tuseme wa 112. Akikubali, kipakiwe kwenye basi kikiwa ndani ya nailoni mbili, jina lako na namba ya simu juu, na mkubaliane mapema kitashushwa Nyegezi au Nyamhongolo.