Kusikiliza na Kusoma kwa Mtihani wa C1 Advanced: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Siku Yenyewe

Anza kwa kuujua mtihani wenyewe, maana mitihani ya Kiingereza ya ngazi ya juu haifanani. Katika IELTS rekodi huchezwa mara moja tu. Katika C1 Advanced ya Cambridge kila rekodi huchezwa mara mbili. Aliyezoea mmoja kisha akaingia kwenye mwingine huenda na tabia isiyomfaa: huyu anang'ang'ania kupata kila jibu mara ya kwanza ilhali hakuna haja, yule anasubiri marudio ambayo hayaji. Maelezo haya ni ya C1 Advanced.

Karatasi ya Kusoma na Matumizi ya Lugha ni ya dakika 90, ina sehemu 8 na maswali 56, na jumla yake ni alama 78. Karatasi ya Kusikiliza ni ya dakika 40 hivi, sehemu 4, maswali 30. Kiwango cha C1 huanzia alama 180 kwenye kipimo cha Cambridge, na anayepata kati ya 160 na 179 hupewa cheti cha B2, yaani kiwango kilicho chini yake. Matokeo ni wastani wa mtihani mzima, kwa hiyo hakuna karatasi moja inayokuangusha peke yake. Hilo lisikufanye uiache Kusikiliza ijiendee. Watahiniwa wengi huipa muda mdogo kuliko zote, na ndiyo inayochelewa kupanda kuliko zote.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: mazoezi hayapimwi kwa wingi wa karatasi ulizomaliza. Anayefanya karatasi 20, akahesabu alama na kufunga kitabu, atarudia makosa yale yale mara 20. Anayefanya 6 na kuchimbua kila alama iliyopotea mpaka akajua imepoteaje, huyo husogea. Kwa hiyo tenga muda wa uchambuzi usiopungua muda wa zoezi lenyewe. Dakika 40 za kusikiliza zifuatwe na dakika 40 au zaidi za kurudi nyuma. Kama una saa moja tu, usifanye karatasi nzima. Fanya sehemu moja, uichambue mpaka mwisho.

Kusanya karatasi za mfano zilizotolewa na Cambridge wenyewe. Baadhi zipo bure kwenye tovuti yao. Mazoezi ya kubuniwa na watu wengine yanafaa kwa msamiati, lakini mitego yake mara nyingi si ile ya mtihani, na sikio linaweza kujifunza kukwepa shimo ambalo halipo. Hakikisha kila rekodi ina maandishi yake kamili, kwa sababu bila hayo uchambuzi haufanyiki. Kisha weka karatasi mbili pembeni, usizifungue kabisa. Hizo ni za majaribio ya mwisho.

Sasa sikio. Mzungumzaji wa Kiswahili ana shida zake katika kusikia Kiingereza, na ni vyema azijue kwa majina badala ya kusema tu kwamba "wanaongea haraka". Kwa kawaida si kasi. Kiswahili hutamka kila silabi kikamilifu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huipa nguvu silabi moja au mbili na kuzimeza zilizobaki, hata "should have been" ikasikika kama neno moja fupi. Unayajua maneno yote matatu, ungeyaona kwenye karatasi ungeyasoma bila taabu, lakini sikio linasubiri irabu kamili ambazo hazitamkwi.

Shida ya pili ni mwisho wa neno. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, hivyo sikio halijazoea kutafuta maana kwenye konsonanti ya mwisho. Katika Kiingereza pale mwisho ndipo penye wakati na idadi: "he left" na "he'd left" hutofautiana kwa sauti moja ndogo, na "s" ya wingi isiposikika jibu lote linaharibika. Shida ya tatu ni irabu. Sisi tunazo 5, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" zote huangukia kwenye "a" yetu moja, na "live" na "leave" kwenye "i" yetu moja. Ongeza "fifteen" na "fifty", ambazo hutofautishwa zaidi na mahali pa mkazo kuliko na herufi ya mwisho.

Dawa ni imla. Chagua kipande cha sekunde 60 hadi 90, sikiliza, simamisha kila baada ya kifungu, uandike neno kwa neno. Rudia unavyotaka. Ukishakwama kabisa, fungua maandishi na upige mstari chini ya kila ulichokosa. Baada ya wiki mbili hivi utaona kwamba makosa yako si ya kila mahali: mmoja hukosa vitenzi visaidizi, mwingine hukosa viambishi tamati, mwingine maneno mawili yaliyounganishwa. Kisha rudia kipande hicho kwa sauti, ukifuata nyuma ya msemaji kwa mapigo yake yale yale. Usipunguze kasi ya rekodi. Ukiipunguza, ule muunganiko wa sauti unaotakiwa kuuzoea unavurugika, na siku ya mtihani hakuna wa kukupunguzia. Changanya lafudhi pia, za Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko, kwa sababu mtihani hautumii moja.

Kusikia maneno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni chambo. Maswali ya kuchagua jibu huandikwa kwa makusudi ili maneno ya chaguo lisilo sahihi yasikike waziwazi kwenye rekodi, na jibu sahihi lielezwe kwa maneno mengine. Swali linauliza kwa nini mwanamke aliacha kazi. Anasema watu walidhani ni mshahara, anakiri kweli haukuwa mnono, halafu anaongeza kwamba angeuvumilia laiti angeachiwa kufanya maamuzi yake. Chaguo la mshahara limekaa hapo likimsubiri mtu aliyesikia neno moja akaandika. Zoeza sikio kusimama kwenye maneno ya kugeuza: "but", "actually", "having said that", "mind you", "I'd expected", "I used to think". Yaliyosemwa kabla yake mara nyingi ni chambo.

Kwa hiyo unapochambua zoezi, usiishie kwenye herufi sahihi. Tafuta kwenye maandishi sentensi iliyobeba jibu, kisha tafuta sentensi iliyobeba kila chaguo lisilo sahihi. Halafu andika kando ya swali sababu ya kukosa: sikulisikia neno ninalolijua, sikulijua neno, nilinaswa na chambo, au nilikuwa bado nawaza swali lililopita. Sababu hizi nne zina tiba nne tofauti. Ya kwanza hutibiwa na imla, ya pili na kusoma, ya tatu na uchambuzi huu wenyewe. Ya nne hutibiwa na uamuzi unaofanywa mapema: swali likikupita, liache, utalisikia mara ya pili.

Sehemu ya pili ya Kusikiliza, ile ya kujaza mapengo 8 kutoka kwa mtu mmoja anayezungumza kwa dakika 3 hivi, ina tabia yake. Sentensi za karatasi zimebadilishwa maneno, lakini neno la kujaza huandikwa kama lilivyotamkwa. Usitafute kisawe. Kabla rekodi haijaanza, tazama kila pengo ujiulize: ni nomino au kivumishi? Umoja au wingi? Kabla yake pana "a" au "an"? Makosa ya kawaida hapa ni kusahau "s" ya wingi, kuandika maneno mengi kuliko yanayotakiwa, na kukosea tahajia. Jibu halizidi maneno machache. Ukijikuta umeandika sita, umechukua na yasiyohusika.

Sehemu ya nne ndiyo inayochanganya zaidi. Wasemaji 5, kila mmoja kwa nusu dakika hivi, na kazi mbili kwa wakati mmoja, kila kazi ikiwa na chaguo 8 ambazo 3 hazitumiki. Wapo wanaofanya kazi ya kwanza mara ya kwanza na ya pili mara ya pili. Tatizo ni kwamba jibu la kazi ya pili wakati mwingine hutajwa kwanza, na msemaji mmoja hana muda wa kukusubiri. Ni bora kuzifanya zote mbili mara ya kwanza kwa penseli nyepesi, na mara ya pili uhakikishe. Jaribu njia zote kwenye mazoezi, uchague, kisha usiibadilishe tena.

Upande wa kusoma, adui mkubwa ni saa. Sehemu 4 za kwanza ni za mapengo na sarufi, na hapa mtu hujisahau akikwaruzana na pengo la alama moja huku maswali ya alama mbili yakimsubiri mbele. Sehemu ya 4 hadi ya 7 kila swali lina alama 2. Mgawanyo unaofaa kujaribiwa ni dakika 28 kwa sehemu 4 za mwanzo, 17 kwa sehemu ya 5, 12 kwa ya 6, 17 kwa ya 7 na 13 kwa ya 8. Zinabaki 3 za kukagua, na utazihitaji, kwa sababu kwenye karatasi hii hakuna muda wa ziada wa kuhamisha majibu.

Katika mapengo, msemaji wa Kiswahili ajichunge na "a", "an", "the" na vihusishi, kwa kuwa lugha yetu haina vibainishi vya namna hiyo na jicho huvipita bila kuviona. Katika kugeuza sentensi, yaani kuiandika upya kwa maana ile ile ukitumia neno ulilopewa, jibu liwe la maneno 3 hadi 6, neno ulilopewa lisibadilishwe hata herufi moja, na kifupisho kama "didn't" huhesabiwa maneno mawili.

Sehemu ya 6 ina waandishi wanne wanaozungumzia jambo moja, na maswali huuliza nani anakubaliana na nani, au nani anasimama peke yake. Usiisome kama hadithi. Chora jedwali dogo, waandishi wanne juu, hoja nne pembeni, ujaze alama ya kujumlisha kwa anayeunga mkono, ya kutoa kwa anayepinga, na sifuri kwa asiyegusa. Majibu hujitokeza yenyewe. Wanaokosa hapa mara nyingi wameelewa kila aya lakini hawakuweka maoni ya wanne hao mezani kwa pamoja.

Sehemu ya 7, ya kurudisha aya 6 zilizotolewa huku ya saba ikiwa ya ziada, inastahili mazoezi mengi. Kiswahili husema "alisema" bila kubainisha mume au mke, kwa hiyo macho yetu si mepesi kufuatilia "he", "she", "it", "these" na "such". Hapa viashiria hivyo ndivyo gundi. Aya inayoanza na "This reluctance" inadai kwamba aya iliyotangulia imeeleza mtu anayesita. Kama hakuna anayesita, haikai hapo hata kama mada inafanana. Zoezi zuri ni kuchukua makala yoyote ndefu ya gazeti, kuzungushia kila kiashiria, na kuchora mshale hadi kinachorejelewa. Fanya makala 3 kwa wiki. Ukijaza pengo, soma aya ya juu, uliyoweka na ya chini mfululizo. Pengo lina pande mbili, na wengi hukagua upande mmoja.

Zaidi ya karatasi za mazoezi, soma kila siku dakika 30 za maandishi marefu ya aina mchanganyiko: makala za maoni, uhakiki, riwaya, na maandishi ya kitaaluma, ambayo ndiyo chanzo cha sehemu ya 6. Usikimbilie kamusi kwa kila neno. Weka alama, maliza, kisha rudi ukatafute yale tu yanayobadilisha maana. Unapoliandika neno daftarini, liandike na jirani zake, kwa sababu sehemu ya kwanza hupima hasa neno gani huandamana na lipi.

Wiki mbili za mwisho toa zile karatasi mbili ulizozificha. Zifanye kwa mpangilio wa kawaida wa siku ya mtihani: Kusoma dakika 90, Kuandika dakika 90, ndipo Kusikiliza. Usiruke Kuandika. Sikio lililotoka kwenye saa tatu za kazi ya macho na mkono si lile la asubuhi, na unatakiwa kulifahamu kabla. Tumia spika kama chumba chako cha mtihani kitatumia spika, hedifoni kama ni kwa kompyuta. Ulizia hilo kituoni mapema, pamoja na kitambulisho kinachokubaliwa.

Ukifanya kwa karatasi, mwisho wa Kusikiliza utapewa dakika 5 za kuhamisha majibu. Anza na sehemu ya pili ukiwa bado unakumbuka tahajia, kisha herufi za maswali ya kuchagua. Kila unapofika swali la mwisho wa sehemu, hakikisha namba inalingana na mstari, maana ukiruka mstari mmoja majibu yote yanayofuata yanahama. Na usiache nafasi hata moja wazi: jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.